Allegheny, Pennsylvania
Allegheny lilikuwa jiji la jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, ng'ambo ya mto Allegheny kutoka Pittsburgh. Mji ulipangwa mwaka 1788 ukapewa hadhi ya jiji mwaka 1840. Mwaka 1900 ulikuwa na wakazi 129,896.

Katika kura ya mwaka 1906 kuhusu kuunganishwa na Pittsburgh, kura za miji yote miwili zilijumlishwa. Wengi wa wapiga kura wa Allegheny walikataa, lakini walizidiwa na wale wa Pittsburgh. Walipinga hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyoamua mwaka 1907 kwamba jimbo linaweza kuunganisha miji yake hata bila ridhaa ya wakazi. Tangu Desemba 1907 Allegheny ni sehemu ya Pittsburgh, ikijulikana kama North Side.

Mwandishi Gertrude Stein alizaliwa Allegheny mwaka 1874.