Kumfuata Mtoto, Kumfuata Mzazi: Malezi ya Awali katika Ukanda wa Shaba wa Lualaba

Katika Kolwezi, mji wa migodi wa jimbo la Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kumfundisha mzazi namna ya kulea ni kazi iliyoanza zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga ilianza kuachana na vibarua wa muda na kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake zao. Watoto nao wakaingia katika hesabu za kampuni. Mtoto alipimwa uzito kwenye zahanati ya kambi. Mama aliitwa kujifunza kushona, kupika na usafi. Huduma zile ziliokoa maisha ya wachanga, na hilo halipaswi kubezwa. Hata hivyo, zilijengwa juu ya dhana kwamba kampuni inajua na mzazi hajui. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi, katika kitabu chake cha 2001 juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga, anawataja Bana Shaba, yaani watoto wa Shaba, walioachwa na baba yao, na anafuatilia jinsi mamlaka ya nyumbani yalivyofungamana na kazi ya mgodini. Gécamines, mrithi wa kampuni ile, ilipoanguka katika miaka ya 1990, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipoondolewa kazini mnamo 2003 na 2004, nyumba nyingi zilibaki zikiendeshwa na biashara ndogo za kina mama.

Naianza hoja kwenye historia hiyo kwa sababu leo wazo la kujifunza kunakoongozwa na mtoto linaweza kuingia Lualaba kwa mlango uleule. Wazo lenyewe ni zuri: mtoto wa miaka mitatu hadi mitano hujifunza kwa kina zaidi anapochagua mwenyewe la kufanya, akalirudia mpaka atosheke, huku mtu mzima akimtazama kwanza kabla ya kumwelekeza. Maria Montessori aliliona mwaka 1907 kwa watoto wa wafanyakazi wa mtaa wa San Lorenzo, Roma. Lakini mkufunzi anayemwambia mama amfuate mtoto wake, huku yeye mwenyewe akikataa kumfuata mama huyo, anapingana na somo lake. Mzazi naye ni mwanafunzi mwenye ujuzi alioanza nao.

Ujuzi huo uko wapi? Uko ndani ya lupango, yaani kiwanja cha nyumbani, kwenye kazi za kila siku. Mama anayeuza unga kwa kipimo cha meka na makaa kwa mafungu anashughulika na ujazo, ulinganifu na hesabu mbele ya macho ya mtoto. Kando ya ziwa la Nzilo, lililotokana na bwawa lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya umeme wa migodi, mtoto wa mvuvi anaweza kupanga samaki kwa ukubwa kabla hajaijua namba yoyote kwa maandishi. Mwanasaikolojia wa Kamerun Bame Nsamenang alisisitiza kwa miaka mingi kwamba katika familia nyingi za Kiafrika mtoto hukua kwa kupewa jukumu dogo linaloongezeka, na kwamba mengi huyajifunza kwa watoto wenzake wakubwa kidogo. Mwanasaikolojia wa Marekani Barbara Rogoff naye ameonyesha, kwa utafiti wa jamii za Maya huko Guatemala, jinsi watoto wanavyojifunza kwa kutazama na kujiunga na kazi za wakubwa.

Kwa hiyo kinachohitajika si sanduku la vitu vya kuchezea. Ni mabadiliko madogo katika mazungumzo. Mtoto anapong'ang'ania mchi wakati sombe, yaani majani ya muhogo, inatwangwa, apewe mchi mdogo na majani machache, na aachwe atwange vibaya. Anapouliza kwa nini fungu hili ni ghali kuliko lile, arudishiwe swali: wewe unaonaje? Kisha mama anyamaze kidogo. Ukimya huo ndio sehemu ngumu, kwa sababu mama amelelewa kuamini kwamba mkubwa hujibu upesi. Mama aliyechoka na soko hawezi kufanya hivyo mchana kutwa, wala si lazima. Hata dakika za kusonga bukari, yaani ugali, zinafaa. Dada mkubwa anayebaki na wadogo anastahili kuonyeshwa pia, mradi jambo hili lisigeuke sababu ya kumkosesha shule.

Wazazi wengi watauliza kuhusu Kifaransa. Wana haki: ndicho lugha ya mikataba ya kazi na ya mitihani. Ila sheria ya elimu ya Kongo ya 2014 yenyewe inatambua lugha za taifa na za mazingira kuwa lugha za kufundishia, na swali la mtoto wa miaka minne huzaliwa katika lugha anayoiota. Kumkaririsha maneno asiyoyaelewa ni kumzoeza kutouliza.

Lipo sharti moja ambalo vitabu vya malezi hulichukulia kuwa limekwisha timia, nalo ni ardhi salama. Mwaka 2018 mtafiti Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako wakazi walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Watoto wa hapo walikuwa na kobalti nyingi zaidi mkojoni kuliko wenzao wa eneo jirani lisilochimbwa, pamoja na dalili za madhara katika vinasaba. Vumbi la nyumbani lilikuwa njia mojawapo. Mtoto anayejiongoza hukaa chini, hushika udongo na kutia kidole kinywani. Siwezi kumshauri mama wa Kasulo amwachie mwanawe uhuru huo bila kuzungumzia maji ya kunawa, sakafu ya kufutwa kwa kitambaa chenye maji na nguo za mgodini zinazovuliwa nje.

Mengine hayamo katika uwezo wa mama. Sheria ya madini ya Kongo iliyorekebishwa Machi 2018 inazitaka kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii. Fedha hizo zisiishie kwenye majengo ya madarasa pekee. Sehemu yake ilipe maji ya bomba mitaani, unyunyiziaji wa barabara za malori, na mishahara ya kina mama wa mtaa watakaowatembelea wenzao nyumbani. Na katika ziara ya kwanza, kabla ya kusema lolote, wamuulize mzazi mtoto wake alijifunza nini wiki hii, na yeye alijuaje.