Kabla ya paka Taters, kulikuwa Gordon

Wandugu, munakumbuka ile video ya paka Taters akifukuza alama nyekundu ya leza? Watu walicheka sana. Lakini tarehe 11 Desemba 2023 ile video ilitumwa kutoka chombo Psyche, kilomita milioni 31 mbali na Dunia, ikafika ku Marekani kwa mwendo wa megabiti 267 kila sekunde. Na leza yenyewe ilikuwa ya wati 4 tu! Balbu nyingi za nyumbani zinaipita.

Wengine wanasema ni juu leza za leo ziko na nguvu. Hapana, habari inaanza mbali.

Mwaka 1948 Claude Shannon alionyesha kama kila njia ya mawasiliano iko na kikomo, na kelele njo inakipunguza. Ku redio kelele kubwa ni ya joto: ukipoza kipokezi, inapungua. Mwaka 1962, miaka miwili tu kisha leza ya kwanza, James Gordon wa Bell Labs akaonyesha kama ku mwangaza mambo ni mengine. Mwangaza unakuja punje kwa punje, zile fotoni. Poza kila kitu unavyotaka, hautapokea nusu ya fotoni. Hakuna injenia wa kuondoa kikomo hicho.

Sasa fotoni moja inabeba biti ngapi? Wengi wangejibu haraka: moja. John Pierce, mwaka 1978, akaonyesha kama inaweza kubeba nyingi. Gawa muda ku fasi 128, halafu tuma mpigo ndani ya fasi moja. Anayepokea akijua ni fasi gani, amepata biti 7. Ujumbe uko ndani ya saa ya kufika! Kwangu mimi, hili wazo linashinda chombo chenyewe. Lakini liko na bei: mipigo inakuwa michache, kila mmoja lazima uwe mkali, na saa isikosee hata kidogo.

Psyche ilituma kwa njia hiyo. Ku Palomar, darubini ya mita 5 ilikusanya mwangaza, na nyaya nyembamba sana, zilizopozwa karibu na sifuri kabisa, zikahesabu fotoni moja moja. Umbali haukusamehe: Aprili 2024, ku kilomita milioni 226, mwendo ulishuka mpaka megabiti 25.

Na kuhesabu fotoni si mwisho. Kanuni ya Mrusi Alexander Holevo, ya 1973, inaacha nafasi ya kutoa zaidi ku mwangaza uleule. Kipokezi cha kufanya hivyo kutoka sayari za mbali, bado hakijajengwa.