Waarusha, Ugomvi wao na Kitabu cha Gulliver

Bado wapo watu mjini Arusha wanaosema Mwarusha ni Mmasai aliyefilisika ng'ombe, akashika jembe. Kauli hiyo ni ya zamani, lakini ilipata heshima ya kitaaluma mwaka 1963, P. H. Gulliver alipochapisha utafiti wake juu ya Waarusha na kuwaita, kwenye jalada kabisa, Wamasai wakulima. Gulliver alikuwa Mwingereza, na utafiti huo aliufanya miaka ya 1950 akiwa mwanasosiolojia wa serikali ya kikoloni.

Asili yenyewe haina maneno mengi. Mnamo miaka ya 1830 watu walihama Arusha Chini, kusini mwa Kilimanjaro, wakafyeka msitu kwenye miteremko ya Mlima Meru na kupanda migomba. Walishiriki na Wamasai lugha na mfumo wa marika. Wakawauzia pia Wamasai hao nafaka na tumbaku. Thomas Spear, katika kitabu chake cha 1997, anawachukulia kuwa wakulima wa mlimani hasa, na mimi niko upande wake.

Hata hivyo jalada lisitunyime kilichomo ndani. Gulliver alifuatilia ugomvi: mipaka ya mashamba, urithi, mahari. Waarusha hawakuwa na mtemi wa jadi wa kukata shauri. Mwenye malalamiko aliweza kuwaita wa ukoo wake pamoja na wasemaji wao, au kulipeleka jambo kwenye mkutano wa rika, au kwenda mahakama ya serikali. Alichagua pale alipojua ana watu. (Atakayesema haya ni ya kale na ahudhurie kikao chochote cha mirathi.) Kwenye vikao vya ukoo na rika hakuna aliyetoa hukumu. Watu walivutana, mmoja akilegeza hapa, mwenzake pale, na mwenye jamaa wengi na ulimi mwepesi alifaidi zaidi. Lakini hata mnyonge hakuondoka mikono mitupu, kwa kuwa aliyemshinda alikuwa jirani yake, na zamu ya kumhitaji ingefika. Mwaka 1979 Gulliver alitoa kitabu kizima cha nadharia juu ya majadiliano ya namna hiyo.

Ninachogombana nacho ni nafasi anayoipa serikali. Uhaba wa ardhi ameueleza vizuri, haki yake nampa. Lakini serikali katika hadithi yake ni mlango mmoja kati ya mitatu, wakati mlimani ilikuwa ndiyo mgomvi mkubwa kuliko wote. Wamisionari Ovir na Segebrock walipouawa Akeri mwaka 1896, Kapteni Johannes wa Wajerumani alipanda na askari kutoka Moshi, vijiji vikachomwa na mifugo ikatekwa. Mwaka 1900 viongozi wa Meru na Arusha walinyongwa, na Waarusha wakalazimishwa kujenga Boma la Wajerumani. Yakafuata mashamba ya walowezi, yakauzingira mlima. Novemba 1951, Gulliver akiwa bado hajafika Arusha, Waingereza waliwafukuza Wameru, jirani za Waarusha mlimani, wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki na kuchoma nyumba zao ili wafugaji wa Kizungu wapate nafasi. Wameru waliandika, walisihi, wakamwajiri wakili Earle Seaton, na mwaka 1952 mwakilishi wao Kirilo Japhet akasimama Umoja wa Mataifa, New York. Walisikilizwa, lakini ardhi hawakurudishiwa wakati ule. Wasemaji wa ukoo wangemshika nani mkono, ikiwa upande wa pili haumhitaji mtu yeyote mlimani?

Yaliyofuata yanajulikana. Uchifu wa serikali ulifutwa mwaka 1963, uleule wa kitabu cha Gulliver, mji ukapanda hadi Sekei na Ilboru, migomba ikawa viwanja. Mwaka 2021 sheria iliyaondolea mabaraza ya kata mamlaka ya kuamua kesi za ardhi: kazi yao sasa ni kusuluhisha, na yakishindwa ndani ya siku 30, mlalamikaji anaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Gulliver angefurahi. Mimi nataka kujua wazee wanamsuluhisha vipi mnunuzi aliyetoka mbali, asiye na ukoo wala rika mlimani, na hati anayo tayari.