Mikono 1,500

Agosti 1952, polio ilibisha hodi Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Katika majuma matatu ya kwanza, hospitali ya Blegdam ilipokea wagonjwa 31 ambao misuli yao ya kupumua ilikuwa imepooza. 27 walikufa. Hospitali ilikuwa na pafu la chuma moja tu, lile tangi linalommeza mgonjwa mwili mzima, kichwa kikibaki nje.

Ndipo akaitwa Bjørn Ibsen, daktari wa nusukaputi. Siku hizo watu wa nusukaputi kazi yao ilikuwa chumba cha upasuaji. Wodini wangetafuta nini? Tarehe 27, msichana wa miaka 12 alitobolewa shingo, mpira ukaingizwa kwenye njia ya hewa. Mpira huo ulikuwa na kijiputo: ukikijaza, kinaziba nafasi iliyobaki, hewa haivuji na mate hayashuki mapafuni. Msichana akapambana, kifua kikakaza. Ibsen akamdunga dawa ya usingizi. Alipolegea, daktari akaanza kubonyeza mfuko wa hewa, na kifua kikapanda na kushuka. Aliishi.

Lakini nani angebonyeza mifuko hiyo mchana kutwa na usiku kucha? Hakukuwa na mashine za kutosha. Waliitwa wanafunzi wa udaktari na wa udaktari wa meno, wapatao 1,500 kwa jumla, wakapokezana kwa zamu. Kuna wakati walipumulia wagonjwa 70 kwa mpigo. Wengine waliwafia mfuko ungali mkononi. Hata hivyo, vifo vilishuka kutoka zaidi ya asilimia 80 hadi karibu 40.

Mara nyingi tunasimulia historia ya tiba kana kwamba ni vifaa tu vinavyookoa watu. Sasa hebu fikiria: mipira yenye kijiputo ilikuwa kwenye vyumba vya upasuaji tangu mwisho wa miaka ya 1920. Ilikosa tu mtu wa kuivusha mlango hadi wodini, na watu wa kukaa nayo kitandani.

Mnamo 1956, Mdenmark mwingine, Henning Ruben, alitoa mfuko unaojijaza hewa wenyewe baada ya kubonyezwa. Kampuni iliyoutengeneza ni Ambu, na ndiyo maana manesi wetu Kenya huuita "ambu bag" hata ukiwa wa kampuni nyingine. Kujijaza, unajijaza. Kujibonyeza, bado.