Makusanyo ya kumbukumbu za Vita Kuu ya Kwanza, Dodoma na Nyanda za Kati

Makusanyo haya ni picha, magazeti, majalada ya serikali na maandishi ya wenyeji yanayohifadhi habari za mapigano ya 1916 katika Irangi na Ugogo, pamoja na njaa iliyoyafuata. Hayako mahali pamoja. Picha nyingi zinazojulikana ziko Ujerumani na Uingereza, majalada ya utawala wa Kijerumani yako Dar es Salaam, na habari za njaa zimebaki katika masimulizi na maandishi ya Wagogo wenyewe. Anayeitafuta vita hii katika picha ataona askari na mizinga. Habari za njaa atazipata kwa kusoma na kusikiliza wazee.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na ndiyo iliyouingiza mji huo vitani. Aprili 1916 jeshi la Afrika Kusini chini ya Jenerali Jacob van Deventer liliteka Kondoa-Irangi, likanaswa huko na mvua za masika, likapungukiwa chakula na kusumbuliwa na homa. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alileta vikosi vyake kwa treni hadi Dodoma, kisha vikatembea kama kilomita 160 kwenda kaskazini. Shambulio lake la usiku wa Mei 9 kuamkia 10 lilishindwa. Dodoma ilitekwa Julai 29, 1916, na reli ikakatika katikati.

Mpiga picha mashuhuri zaidi wa upande wa Wajerumani ni Walther Dobbertin (1882–1961), mzaliwa wa Berlin. Tangu 1906 alikuwa na duka la picha Dar es Salaam. Alipiga picha za mashamba, reli, bandari, milima na watu, na vita ilipoanza 1914 akaingia jeshini na kamera yake. Kazi hiyo ilihitaji dawa za kusafishia picha, maji safi na chumba cha giza, vitu vigumu kupatikana wakati manowari za Waingereza zimefunga bahari. Hata hivyo picha zake zinaonyesha askari wakiwa kwenye gwaride, mahandaki, wapagazi, na mizinga iliyoopolewa kutoka manowari Königsberg baada ya kuzamishwa katika delta ya Rufiji mwaka 1915. Waingereza walimteka mwaka 1916.

Picha zake sasa ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani, mjini Koblenz, chini ya alama Bild 105. Namba zake huanza na herufi DOA, ufupisho wa jina la Kijerumani la koloni la Afrika ya Mashariki. Desemba 2008 hifadhi hiyo iliruhusu picha zaidi ya 80,000 kuwekwa kwenye mtandao wa Wikimedia Commons, nyingi za Dobbertin zikiwamo. Huo ulikuwa uamuzi wa maana kubwa: mwanafunzi wa Kondoa mwenye simu anaweza leo kuiona picha ambayo zamani ilihitaji safari ya Ulaya.

Tatizo ni maelezo ya picha. Hifadhi yenyewe inatahadharisha kwamba mara nyingi imeyaacha maelezo ya awali kama yalivyoandikwa, na kwamba yanaweza kuwa na makosa au upendeleo. Mara nyingi maofisa wa Kizungu hutajwa kwa majina, huku Mwafrika akiitwa tu askari, mpagazi au boi. Mtu aliyesimama mbele ya kamera, uso wake ukaonekana wazi hadi makovu, anastahili zaidi ya hilo. Kazi ya kuzirudisha picha hizi kwa watu wanaoweza kuyatambua mavazi, vilima na aina za nyumba, tembe la Kigogo kwa mfano, ni kazi ya lazima.

Makusanyo mengine ya picha yako katika Jumba la Makumbusho ya Vita la London, lililoanzishwa 1917, na katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, yenye picha za Chama cha Kikoloni cha Ujerumani.

Kwa upande wa magazeti, Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililochapwa Tanga tangu 1904, liliandikwa kwa sehemu kubwa na walimu na makarani Waafrika waliosoma shule za serikali. Lilikoma 1916, mwaka ambao Tanga ilitekwa. Gazeti la walowezi, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lilihamishiwa Morogoro wakati wa vita, nalo likakoma mwaka huohuo. Kwa hiyo mwaka uliofuata, mambo yalipokuwa mabaya kuliko yote Ugogo, hakuna hata moja kati ya magazeti hayo lililokuwapo kuyaandika. Dobbertin naye alikuwa mateka.

Wagogo waliuita msiba huo wa njaa Mtunya. Majeshi yote mawili yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zikakosekana, na ghala zilikuwa tupu. Njaa ilidumu kati ya 1917 na 1920, na homa ya mafua ya 1918 ikaongezea vifo. Maofisa wa Kiingereza walikadiria kwamba watu 30,000 walikufa kati ya wakazi 150,000 wa wilaya ya Dodoma, yaani mmoja katika kila watano. Mwanahistoria Gregory Maddox aliichunguza njaa hiyo kwa majalada na kwa masimulizi ya wazee, akachapisha utafiti wake mwaka 1990.

Majalada ya Kijerumani yaliyo katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa yaliingizwa 1997 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia.

Katika Ugogo kwenyewe, Mathias Mnyampala, mshairi aliyezaliwa Dodoma mwaka 1917, alichapisha 1954 Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Baadaye Ernest Kongola, mwalimu mstaafu, alikusanya juzuu kadhaa za historia ya ukoo wake na ya Ugogo kwa Kiswahili, akiwahoji ndugu na wazee. Mwaka 2006 yeye na Maddox walitoa kitabu kuhusu kazi hiyo. Ndani ya juzuu za Kongola watu wana majina, baba zao wana majina, na ukoo una sifa zake.