Wajumbe Wawili wa Ukoo Mmoja

Tulapo bukari na sombe yenye mafuta ya mawese, hatuliambii tumbo: "Sasa fanya kazi." Hata hivyo tumbo latoa maji yake makali, na kifuko cha nyongo chajikamua. Nani apelekaye amri? Zamani wataalamu walidhani ni mishipa ya fahamu peke yake. Lakini mwaka 1902, huko London, Bayliss na Starling walionyesha kwamba utumbo wenyewe hutuma mjumbe katika damu. Wajumbe wa namna hiyo huitwa homoni.

Mwaka 1905 Mwingereza John Edkins alitangaza mjumbe mwingine, atokaye tumboni na kuyaamsha maji makali. Akamwita gastrini. Wengi hawakumsadiki, walisema alichokiona ni histamini tu, kitu kingine kilichomo mwilini. Edkins akafa mwaka 1940, neno lake lingali likishukiwa. Mwaka 1964 Gregory na Tracy wa Liverpool walitangaza kwamba wameitoa gastrini safi katika matumbo ya nguruwe. Edkins alikuwa amesema kweli.

Kisa cha mjumbe wa pili ni kingine. Mwaka 1928 Ivy na Oldberg, huko Chicago, waligundua kolesistokinini, ambaye hukikamua kifuko cha nyongo. Mwaka 1943 Harper na Raper walipata mjumbe aliamshaye kongosho, wakampa jina jingine. Miaka ya 1960 Jorpes na Mutt wa Stockholm wakatambua kwamba hao wawili ni mmoja tu, mwenye majina mawili!

Kisha viungo vya gastrini na kolesistokinini vilipopangwa na kuhesabiwa, ikaonekana ajabu: vile vitano vya mwisho ni sawasawa, tena kwa mpango ule ule. Basi ni ndugu, wana mkia mmoja. Sasa mwili wawapambanuaje?

Jibu limo katika vipokezi, yaani milango iliyo juu ya chembe za mwili. Mwaka 1992 wataalamu walisoma muundo wa milango miwili ya wajumbe hawa. Mmoja, ulio katika kifuko cha nyongo, una bawabu mkali. Hatosheki na mkia. Ataka pia alama ya salfeti kwenye kiungo cha saba tokea mwisho. Kolesistokinini anayo hapo. Gastrini, hata akiwa na alama hiyo, anayo kwenye kiungo cha sita. Kwa hiyo karibu haitikiwi kabisa. Mlango wa pili, ulio tumboni na katika ubongo, wautazama mkia tu, nao wawapokea ndugu wote wawili.

Hatua moja tu ya kiungo, na kazi ni tofauti! Tumsifu Mwumba aliyeupanga mwili wetu kwa hekima hivi. Na tumkumbuke Edkins: tusiharakishe kulikataa neno la mtu kabla ya kulipima, kwa maana huenda akafa akingojea haki yake.