Yero wa Getini na Mnyamwezi wa Kwenye Video

Nimekulia Temeke, na mtaani kwetu kila mlinzi alikuwa "Yero". Jina lake hatukuwahi kuuliza. Alikaa mbele ya duka la jumla na rubega lake jekundu, sime kiunoni, rungu mkononi, miguuni viatu vya matairi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulipotoka wimbo wa Mr. Ebbo, "Mi Mmasai", tukawa kila tukitoka shule tunapita mbele yake tukiuimba kwa lafudhi ya kuigiza. Siku moja akatuita. Tukajua leo tunachapwa. Akatuuliza, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu: "Huo wimbo mnausikilizaga mpaka mwisho?" Tukatoka mbio huku tunacheka.

Leo nikiandika habari za muziki, swali lile bado linanikaa kooni. Tunapenda kulalamika kwamba video za hip hop za Marekani zimemfanya mtu mweusi kuwa vitu vitatu tu: cheni, bunduki na mwanamke nusu uchi. Malalamiko hayo hata wenyewe wanayo. Mwaka 2004 wanafunzi wa kike wa chuo cha Spelman, Atlanta, walimjia juu rapa Nelly kwa sababu ya video ya "Tip Drill". Lakini je, sisi tulimfanya nini Mmasai?

Turudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali yetu iliendesha kampeni ya kuwavua Wamasai rubega na kuwavalisha suruali. Ilionekana ni aibu taifa jipya kuwa na raia wanaojipaka udongo mwekundu. Wakati huohuo, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 vimini, mawigi na suruali za kubana vikawa marufuku Dar es Salaam. Hata kabla ya tarehe hiyo, wasichana walishaanza kuandamwa na vijana pale Kariakoo. Yaani vazi moja lilikosa kwa kuwa la kishenzi, lingine kwa kuwa la kizungu. Raia mwema alitakiwa asimame katikati, kwa nguo ambayo mwingine amemchagulia.

Sasa cheki maajabu. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, vijana walikuwa tayari wameshakariri kanda za VHS kutoka majuu. Saleh Jabir alikuwa ameshaghani kwa Kiswahili juu ya midundo ya Kimarekani, na Kwanza Unit walikuwa wameanza kuota taifa lao la kufikirika, Kwanzania. Video zetu wenyewe zilipoanza kumiminika, mavazi yale mawili yaliyopigwa vita yakarudi pamoja: kapelo na suruali pana za Marekani upande mmoja, rubega upande mwingine. Safari hii yote yalikuwa sare ya kuigizia. Rapa alivaa Umarekani ili aonekane mjanja. Mmasai akawekwa pembeni arukeruke, ili video ionekane ya Kiafrika.

Hata lugha yetu ilishuhudia. Mtaani Marekani tuliiita Unyamwezini, na Mmarekani mweusi akawa Mnyamwezi. Wanyamwezi wenyewe wa Tabora, ambao babu zao walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo katika karne ya 19, hakuna aliyewaomba jina.

Sisemi kuvaa cha mwenzio ni dhambi. X Plastaz wa Arusha walipotoa albamu ya "Maasai Hip Hop" mwaka 2004, Yamat Ole Meibuko hakuwa pambo. Sauti yake ya kimila ilikuwa nusu ya muziki wenyewe. Ni kweli, kwa soko la Ulaya jina lile la albamu lilikuwa biashara nzuri, kwa sababu Mzungu amezoea kumwona Mmasai kwenye kadi za posta. Lakini safari hii aliyekuwa kwenye picha alikuwa na maiki.

Hapo ndipo naona mpaka ulipo. Watu wa Temeke nasi tulikuwa na jina baya: wahuni, watu wa uswahilini. Juma Nature na Wanaume TMK hawakulikimbia. Walilivaa, wakalichezea mapanga shaa, na mji mzima ukafuata. Mtu wa Masaki angetuigiza vilevile, tungesema anatudhalilisha. Vazi ni lilelile na mchezo ni uleule. Tofauti ni nani anasema.

Na Mr. Ebbo? Jina lake halisi ni Abel Motika, Mmasai kweli, aliyefariki Desemba 2011. Alichukua ile lafudhi tuliyoicheka akaifanya silaha. Wimbo ule ni wa mtu anayejivunia mila zake na kuwashangaa watu wa mjini walioziacha za kwao. Sisi watoto wa Temeke tulichukua lafudhi, tukaacha maneno. Hatukugundua kwamba anayechekwa ni sisi, na raba zetu za mtumba na majina yetu ya Kimarekani.

Juzi nilipita pale dukani. Pana kampuni ya ulinzi sasa, kijana amevaa sare ya bluu na kofia. Nilitaka kumuuliza kama anamkumbuka mzee aliyekuwa akikaa pale. Nikaanza, "Samahani, kulikuwa na Mmasai hapa…" Akaniuliza, "Anaitwa nani?"

Sikuwa na jibu.